Tambara la Sita

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mke wangu husema nilizaliwa nimenuna. Naanza na hilo makusudi, asije mtu akasema mambo ya asubuhi ile yaliletwa na shetani. Yaliletwa na mdomo wangu mwenyewe.

Kazi yangu ni ufundi wa mitambo ya barabara, na yadi yetu iko Nyakato. Greda, shindilia, kijiko, nimelala chini ya yote. Nina kanuni moja ambayo wenzangu huicheka. Ukifungua bomba la mafuta la mtambo, unaziba mdomo wake palepale, kwa sababu vumbi la Nyakato halipigi hodi. Wengine huziba kwa gazeti au mfuko wa nailoni. Mimi naziba kwa kanga. Kanga iliyochakaa ya mke wangu naichana matambara sita, kila moja nalipiga fundo ncha moja, na ule mkia wenye fundo unabaki nje ya bomba uonekane. Kazi ikiisha nayatoa, nayapanga juu ya kifuniko cha boksi la spana, nahesabu kwa sauti mpaka sita. Kabla ya sita hakuna mtu kuwasha injini kwangu, hata awe bosi.

"Fundi," mzee wetu wa greda alipenda kunitania, "iko siku mama watoto atakuja hapa getini amejifunga gunia, adai kanga zake."

"Na wewe mzee utampa shati lako."

"Hili? Hili hata wewe hulitaki kwa kuzibia."

Mzee huyo alikuwa mtu wa Ukerewe, mfupi, mpole, amekaa kwenye kiti cha greda tangu mimi navaa kaptula. Alikuwa na tabia moja iliyotukera wote. Akipanda mtambo, simu anaitia kwenye mfuko wa chakula, mfuko anausukuma chini ya kiti, basi. "Mimi sichukui simu nikiwa kwenye mashine," ndiyo ilikuwa kauli yake. Bosi aligomba mpaka akachoka.

Sasa, misimu miwili ya mvua kabla ya asubuhi ninayoisimulia, greda la mzee liliacha barabara upande wa Buswelu, mchana kweupe, likaingia mtaroni. Mzee akavunjika mbavu mbili, ekseli ya mbele ikakatika. Alisema usukani uligoma ghafla, na alipotaka kushusha ule ubao wa kukwangulia barabara ili asimame, nao ukagoma. Lazima nieleze hapa: usukani wa greda hauzungushwi kwa nguvu za mikono. Unasukumwa na mafuta yanayotoka kwenye tangi lake na kupita kwenye pampu, na ubao nao hivyo hivyo. Mafuta yasipofika, opareta anabaki ameshika duara la chuma tu, halimsikii. Lakini tulipolivuta greda hadi yadi na kuliwasha, usukani ulizunguka vizuri, ubao ukapanda ukashuka. Bosi akaniita, kwa kuwa nilikuwa nimelihudumia juzi yake tu.

"Nilihesabu matambara yangu, bosi," nilimwambia. "Sita. Mashine ilitoka kwangu nzima."

Maneno yale ndiyo yaliyommaliza mzee. Ikasemwa amekula ugali wa mchana akasinzia, umri umekwenda, tumuonee huruma tu. Mbavu zilipopona akapewa kazi ya kufungua geti. Misimu miwili ya mvua, kila asubuhi napita pale nasema, "Shikamoo mzee," naye, "Marahaba fundi," macho yako kwenye komeo. Utani ulikufa. Greda lenyewe lilikaa chini ya turubai likisubiri ekseli. Mimi nilijiambia sikusema uongo, na kweli sikusema uongo. Nilihesabu sita, naapa.

Ekseli ilipokuja, opareta aliyeshika nafasi ya mzee kwa greda la kukodi alikuwa ameshahamia migodini Geita, na barabara tuliyopewa ng'ambo ya Kamanga ilitakiwa kukwanguliwa kabla ya masika. Bosi akamwita mzee mbele yangu. Bosi wetu ni Mhindi wa hapa hapa Mwanza, babu yake alikuwa na duka la nguo, na Kisukuma chake kinanishinda mimi Msukuma. Si mtu mbaya, ila hasemi mara mbili.

"Mzee, nakurudishia greda lako. Lakini likitokea lolote, hata kioo kupasuka, unakwenda nyumbani Ukerewe moja kwa moja. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bosi."

Siku hiyo jioni nilimwona mzee akilifuta vumbi lile greda, taratibu, gurudumu kwa gurudumu. Sikumsogelea. Ningemwambia nini?

Asubuhi ya safari nilikuwa chini ya greda tangu jua halijatoka. Mipira ya mafuta ilikuwa imekauka na kupasuka kwa kukaa, nikabadilisha yote. Kanga ya siku hiyo ilikuwa nyekundu ya korosho. Kila mpira mpya nilipoufunga nilitoa tambara na kulirusha kwenye boksi, nikisema nitahesabu mwisho. Ndipo bosi akaja na saa yake mkononi, anapiga kelele kwamba feri haimsubiri mtu. Nikamjibu. Akanijibu. Nikamwambia mipira hii niliiomba tangu mwezi jana, na kama angeileta tusingekuwa tunakimbizana kama kuku. Akageuka kwenda ofisini, na mimi, badala ya kubaki na kazi yangu, nikamfuata ili nimalizie ugomvi. Nilimaliza kweli. Nilisema yote, mpaka ya mwaka juzi. Niliporudi uani nikihema, greda halikuwepo. Mzee alikuwa ameona mipira imefungwa na vifuniko vimekazwa, akawasha, akaondoka.

Nikaanza kukusanya vifaa. Nikapanga matambara juu ya kifuniko. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Nikahesabu tena. Tano.

Mungu wangu. Nilimwaga boksi lote chini. Nikapekua mifuko ya ovaroli, nikaangalia chini ya meza, nikatia mkono kwenye pipa la takataka hadi begani. Hakuna. Nikakaa juu ya tairi. Hasira hasara, nimeambiwa hivyo tangu mtoto, na sasa nilikuwa nimekaa juu yake.

Tambara kwenye bomba haliui mtu papo hapo, na hilo ndilo baya lake. Mafuta yakiwa baridi linaweza kulala pembeni na kuyaacha yapite. Mashine ikipata moto, mafuta yakavutwa kwa kasi, linasogea, linasogea, mpaka linaziba. Nikaanza kuona njia ya mzee: Buzuruga, Mabatini penye watu kama siafu, kisha ile ngazi ya chuma ya kuingilia feri, maji huku na huku. Halafu ng'ambo, mbele ya Kamanga, kuna mteremko mrefu, na chini yake mnada wa ng'ombe. Nikakumbuka leo ni siku gani. Ilikuwa siku ya mnada.

Nikapiga simu ya mzee. Ikaita mpaka ikakatika, mara nne. Nilijua iko wapi: chini ya kiti, imelaliwa na viazi.

Mtu mwenye akili angempigia bosi. Bosi angepiga simu kwa watu wake wa ng'ambo na mzee angesimamishwa njiani. Nilikitazama kioo cha simu, jina la bosi liko pale pale, na sikulibonyeza. Nilijiambia namlinda mzee, maana greda likisimamishwa siku ya kwanza tu atasukumwa Ukerewe hata kabla sijafungua mdomo. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba niliogopa kwa ajili yangu. Nilikuwa nimetoka kumtukana mtu dakika kumi zilizopita kwa sababu ya uzembe wake, jamani, nitarudije kumwambia wa kwangu?

Nikatia spana kwenye begi na matambara matano mfukoni, nikatoka getini, nikaita bodaboda. "Kamanga feri! Kimbiza!"

"Baba, kuna mgonjwa?"

"Kuna mgonjwa! Twende!"

Kila penye kona nilitegemea kuona watu wamekusanyika. Unajua watu wetu wanavyokusanyika ajali ikitokea, hata kabla vumbi halijatulia. Buzuruga hakuna. Mabatini kulikuwa na kundi kando ya barabara, kumbe wanagombania samaki. Kijana wa bodaboda aliniambia nimwachie mabega, namkaba.

Tulifika feri imeshaondoka. Nililiona greda juu yake, limesimama peke yake mbele kama ng'ombe wa njano, linazidi kuwa dogo. Angalau liliingia salama. Lakini kuingia ni kupanda; kushuka ndiko kulikonitisha. Nikasimama pale ukingoni nikikaza macho mpaka yakatoa machozi. Feri ikafika ng'ambo, ikawa kidoa tu, sikuweza kujua nini kinateremka na nini kinabaki.

Kusubiri feri inayofuata, hiyo ndiyo jehanamu yenyewe. Nilitoa matambara mfukoni nikayahesabu. Nikayarudisha, nikayatoa, nikayahesabu tena, utadhani yatazaa. Mama mmoja mwenye beseni la dagaa alinitazama weee, mwisho akashindwa kuvumilia.

"Baba, hivyo vitambaa unauza?"

"Siuzi."

"Basi mbona unatuonyesha?"

Watu wakacheka. Siku nyingine ningemjibu jibu ambalo angelibeba mpaka kwao. Siku hiyo nilisema tu, "Mama, niombee," naye akaacha kucheka, akanisogezea nafasi kwenye benchi.

Nilipovuka nilikuta ngazi ya feri haina alama yoyote, na wapakuzi wakaniambia greda limepita vizuri, mzee amewapungia mkono. Nikapata pumzi kidogo. Nikapanda bodaboda nyingine, tukafuata alama za magurudumu makubwa kwenye vumbi. Wafugaji wenye fimbo walikuwa wakiswaga ng'ombe kuelekea mnadani, na tulipita katikati yao tukipiga honi. Kila nilipofikiria mteremko ule na watu wale wote chini, nilimgonga dereva begani aongeze mwendo.

Tulipokaribia juu ya mteremko nikaliona. Limesimama kando ya barabara, injini imezimwa. Na mzee amekaa chini, kwenye kivuli cha gurudumu la nyuma, mzima, simu iko mkononi.

Nilishuka bodaboda kabla haijasimama. "Mzee! Shikamoo! Kuna nini?"

"Marahaba." Hakushangaa kuniona. "Usukani umeanza kuwa mzito, fundi. Kama siku ile."

"Umesimama lini?"

"Nina nusu saa hapa."

"Sasa mbona hukupiga simu? Unayo mkononi!"

Akaitazama ile simu. "Nimpigie nani? Wewe utasema umehesabu, na bosi nikimwambia usukani umegoma tena, atasema leo mzee amesinzia akiwa amesimama." Akajaribu kucheka, mdomo ukakataa. "Nilikuwa nafikiria niteremke hivyo hivyo, pole pole. Labda ungeshika mpaka chini."

Nilitazama chini. Mnada ulikuwa umejaa, barabara haionekani kwa ng'ombe na watu. Nikafungua begi la spana.

"Mzee, kosa ni langu," nilisema. "Sikuhesabu leo. Tambara moja la kanga limebaki ndani."

Sikusubiri jibu lake, nikaingia chini. Nilifungua mipira yote niliyoifunga asubuhi, mmoja mmoja. Misafi. Mafuta yalinimwagikia kifuani, ya moto, sikujali. Kisha nikafunga koki ya tangi na kufungua ile kona ya bomba iliyo kati ya tangi na pampu, mahali ambapo asubuhi sikupagusa kabisa kwa sababu hapakuwa na shida. Nikaingiza kidole. Kikagusa kitu laini.

Nilikivuta taratibu. Kilitoka kirefu, cheusi tii, kinachuruzika. Nilitoka chini nikiwa nimekiinua juu kama mtu aliyeua nyoka. "Ndilo hili! Ndilo hili, mzee! Mungu ni mkubwa!"

Mzee alikuwa amesimama. Alikuwa anavuta kitu kutoka mfuko wa nyuma wa suruali, anakikunjua. Kitambaa chekundu. Korosho. Fundo kwenye ncha.

"Hili je?" aliuliza. "Hili nililichukua kwenye boksi lako asubuhi, nikafutia kiti. Kilikuwa na vumbi la misimu miwili. Nikasema nitalirudisha, nikakuta umekwenda kugombana, nikasahau."

Sasa mimi nikabaki nimeshika nini? Nilikwenda kwenye tangi la dizeli, nikatoa kidogo kwenye chupa ya maji, nikakisuuza kile kitambaa, nikakikamua, nikakisuuza tena. Rangi ikaanza kutokea. Kijani. Kijani yenye madoa meupe.

Kanga ile naijua. Ilikuwa sare ya harusi ya dada yake mke wangu, na nilipoichana bila kuomba, mke wangu alininunia wiki nzima, na yale matambara akayachoma jioni ile ile. Kwa hiyo niliitumia kwa kazi moja tu. Ilikuwa kazi ya kona ile ile, siku mbili kabla greda halijaingia mtaroni Buswelu.

Kitambaa hakikuwa na fundo. Upande mmoja kilikuwa kimechanika, nyuzi zimesimama. Nikaelewa yote hapo hapo, na ningetoa chochote nisielewe. Kanga ilikuwa imechakaa mno. Nilipolivuta lile tambara liliachana katikati. Mkia wenye fundo ukaja mkononi mwangu, kipande kingine kikabaki ndani. Na mimi nilikuwa nahesabu mafundo. Mafundo yalikuwa sita. Nilihesabu sita, nikaapa sita, na mtu akafungua geti misimu miwili ya mvua.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Ningependa kusema nililia, lakini nilisimama tu pale na kitambaa kinachuruzika dizeli kwenye viatu vyangu.

"Mzee," nilisema, "hili ni la siku ile."

"Nimeliona."

"Hukusinzia."

"Mimi najua sikusinzia, fundi. Nilikuwa naumwa mbavu, sikuwa naumwa akili." Alisema bila kupandisha sauti. Afadhali angenizaba kibao. "Niliwaambia usukani uligoma. Wewe ukasema umehesabu, yakaisha. Hata mke wangu alianza kuniuliza kama nalala vizuri usiku."

Nilimwomba radhi. Sijui nilisema maneno gani, nakumbuka nilipiga goti moja kwenye vumbi na yeye akanishika kwapa kuniinua, akasema, "Ebo, inuka bwana, wafugaji wanatutazama." Kisha akaelekeza kidevu mfukoni kwangu.

"Piga simu."

Nilirudi chini kwanza, nikafunga kona na mipira yote, nikafungua koki, ndipo nikapiga. Mikono ilikuwa na mafuta, niliikosea namba ya siri mara mbili. Bosi alipokea akidhani nimempigia kuendeleza ugomvi, akaanza yeye. Nikamwacha amalize. Halafu nikaweka sauti kubwa ili mzee asikie, nikamwambia yote: tambara jekundu, tambara la kijani, fundo, Buswelu. Nikasema, "Bosi, siku ile mashine haikutoka kwangu nzima. Mzee hakulala. Aliyelala ni mimi." Nikasema pia kwamba leo mzee ndiye aliyelisimamisha greda juu ya mnada kwa kusikia usukani tu, na kama angekuwa mwingine, sasa hivi tungekuwa tunaokota watu.

Nilisikia feni ya ofisini kwake. Nilidhani anatafuta neno la kunifukuzia, na nilikuwa nimeshalikubali.

"Wewe tutaongea," alisema mwishowe. "Mpe mzee simu."

Nikageuka kumpa. Mzee hakuwepo kando yangu. Yeye alikuwa ameshapanda, amekaa kitini, mikono iko juu ya usukani. Nilinyoosha mkono nikamwinulia simu, na sauti ya bosi ikasikika ndani yake, "Mzee? Mzee, uko hapo?"

Mzee aliitazama simu, akanitazama mimi, akawasha injini, akajaribu usukani kushoto, kulia, kushoto; ulikuwa mwepesi.

"Mwambie sichukui simu nikiwa kwenye mashine," alisema, na akaanza kuteremka.